Kuiongoza Nuru kwa Nuru

Ujumbe utumwao kutoka Mombasa hadi Ulaya husafiri sehemu kubwa ya njia ukiwa nuru, ndani ya nyuzi za kioo zilizolazwa chini ya bahari. Nyaya za namna hiyo zilifika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009. Lakini nuru ifikapo kituoni, penye kuamuliwa ujumbe upi uende wapi, mara nyingi hugeuzwa kuwa umeme, hupitishwa katika swichi za elektroniki, kisha hugeuzwa tena kuwa nuru. Migeuzo hiyo hula muda na nishati. Na nishati ipoteayo huwa joto, ambalo halina budi kuondolewa kwa mitambo ya kupoza. Kwa sababu hiyo wanasayansi wanatafuta swichi ambayo nuru moja huifungulia nyingine njia, pasipo umeme kuingia kati.

Ugumu wa kazi

Miali miwili ya nuru ikikutana hewani hupishana tu, wala mmoja hauudhuru mwingine. Ili mmoja uutawale mwenziwe, hapana budi ikutane ndani ya maada, tena nuru iwe kali. Ukali huo waweza kupatikana kwa nishati kidogo iwapo nuru itabanwa mahali padogo. Hata hivyo, mfereji wa kawaida hauwezi kuibana nuru katika nafasi iliyo ndogo sana kuliko nusu ya urefu wa wimbi lake. Nuru ya mawasiliano ina wimbi la nanomita 1,550 hivi. Na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita.

Msaada wa metali

Ndani ya metali mna elektroni zitembeazo huru. Nuru ikiufikia uso wa dhahabu katika hali ifaayo, elektroni hizo huyumba pamoja nayo, na wimbi la mchanganyiko huambaa usoni. Wimbi hilo, ambalo Rufus Ritchie wa Marekani alilibashiri mwaka 1957, huitwa plazmoni ya uso. Sifa yake kuu ni kwamba laweza kupita katika ufa mwembamba mno baina ya kuta mbili za metali. Dosari yake ni kwamba metali huligeuza upesi kuwa joto, hata likafifia baada ya mwendo mfupi. Basi swichi ya namna hii sharti iwe fupi.

Jaribio la Japani

Mwaka 2019 watafiti wa shirika la NTT na Chuo cha Teknolojia cha Tokyo walitangaza swichi yenye mfereji wa nanomita 30 kwa 20, uliofunikwa kwa grafini, yaani utando wa kaboni wenye unene wa atomu. Kwa kawaida grafini humeza nuru, kwa kuwa elektroni zake huipokea na kupanda daraja ya juu ya nishati. Mpigo mkali wa nuru ukitangulia, daraja hizo hujaa kama viti vya basi. Nuru ifuatayo haina wa kuipokea, nayo hupita. Punde elektroni hushuka, na njia hufungwa.

Kuigeuza swichi hiyo kulihitaji femtojouli 35, yaani chembe za nuru zipatazo 270,000 tu, na muda wa femtosekunde 260. Katika muda huo nuru yenyewe, ambayo kwa sekunde moja yaweza kuizunguka dunia mara saba na nusu, husafiri hewani mwendo usiofika sehemu moja ya kumi ya milimita.

Yaliyosalia

Isidhaniwe kwamba elektroniki imekwisha kazi. Sehemu ya nuru hupotea katika kila swichi, hivyo swichi nyingi haziwezi kufuatana bila nuru kutiwa nguvu upya. Tena nuru haihifadhiki kwa urahisi kama umeme uhifadhiwavyo katika kumbukumbu ya kompyuta. Hata hivyo jaribio hilo limethibitisha jambo moja: kasi na uchache wa nishati, ambavyo kwa muda mrefu kimoja kilipatikana kwa kukipoteza kingine, vyaweza kukaa pamoja katika swichi moja.