Dhahabu Wanayoicheza Makuli wa Kirumba

Nyuma ya soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, makuli hucheza karata wakisubiri magunia ya dagaa. Nilikuwa napita zangu. Kilichonisimamisha ni mtu aliyeketi kando ya wachezaji, hachezi, anaandika kila wanachotamka kama karani wa mahakama.

Ni mhadhiri wa isimu katika chuo kimoja jijini Mwanza, na wanafunzi wachache wanaopenda huwafundisha Kireno. Lugha hiyo si ngeni nchini: FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962, na SADC ilipokipokea Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2019 ilikikuta Kireno kimeshakaa. Ila somo lake la kwanza halina salamu. Lina karata.

Anazitandaza nne mezani: kopa, uru, shupaza, pau. Vijana wengi pau huiita maua, naye hagombani nao. Anawauliza tu, hii nyekundu ya pembe nne imekuwaje ikaitwa uru? Wakishindwa, anaandika ubaoni: copas, ouros, espadas, paus. Vikombe, dhahabu, panga, magongo. Karata za kale za Wareno zilichorwa vitu hivyo hasa; hizi zetu zina michoro ya Kifaransa. Michoro imebadilika, majina yamegoma. Kuli wa Mwaloni anabamiza dhahabu mezani asiione, na turufu anayoringia nayo ni trunfo ya Wareno haohao.

Hapo, anasema, fonolojia haihitaji tena mhadhara. Mwanafunzi anaona mwenyewe kwamba s ya mwisho imedondoka kote, kwa kuwa Kiswahili hupenda neno liishie kwenye irabu. Espadas imepoteza e ya mwanzo; s yake imekuwa sh, kama watu wa Lisbon wanavyoitamka hadi leo. D nayo, ikikaa katikati ya irabu, Wareno huilegeza ikakaribia dh, na sisi tukaishia kwenye z. Lakini hiyo u ya shupaza? Yeye anadhani midomo inayojifunga kuitamka p ndiyo iliyoivuta. Darasa halijakubali, na nilimwona anavyofurahia kubishiwa.

Mimi nilikuwa na langu. Wareno walitimuliwa Mombasa mwaka 1698, wakarudi 1728, mwaka uliofuata wakaondoka moja kwa moja. Ziwani hawakutawala kamwe, na reli ilifika Mwanza mwaka 1928. Maneno haya yalipanda huku na nani? Wapagazi wa misafara ya pembe? Askari? Makarani wa Kigoa? Akacheka, akasema aliyeyaleta alikuwa na karata mkononi, si kalamu.

Wanafunzi swali lao ni ajira. Msumbiji ni jirani, Angola tuko nayo SADC, lakini ofisi gani hapa Mwanza inatafuta mtu wa Kireno? Yeye hajaiona hata moja, na huwaambia hivyo siku ya kwanza. Anayetaka kuhamia Kichina hamzuii.