WALIOKWANGUA MAJINA YA SANTURI SASA WAYARUDISHA

Albamu za mkusanyiko wa rege zimejaa tele madukani, na nyingi katika hizo hazina maana. Kampuni huokota nyimbo kumi na mbili zinazojulikana na kila mtu, ikatia picha ya mnazi na jua likitua, ikauza. Lakini ziko nyingine chache ambazo nyimbo zake zimechaguliwa na wazee wa mitambo, watu waliokesha wakiupiga muziki huo mbele ya umati. Hizo ndizo za kutafutwa, na si kwa sababu ya utamu wa nyimbo peke yake.

Mitambo hiyo ilianzia Kingston, mji mkuu wa Jamaika, mwishoni mwa miaka ya 1940. Maskini asiyekuwa na pesa za kumsikiza mpiga bendi hotelini alikwenda uwanjani, ambako mwenye mitambo alikuwa amepanga maspika makubwa mfano wa makabati, na kupiga santuri za Marekani. Katika miaka ya 1950 mafahali wawili walikuwa Duke Reid, aliyepata kuwa askari polisi, na Clement Dodd, maarufu kwa jina la Coxsone. Ushindi baina yao ulitegemea jambo moja: uwe na santuri ambayo mwenzako hana wala haijui. Kwa hivyo santuri ikifika kutoka ng'ambo, kazi ya kwanza ilikuwa ni kuchukua kisu na kukwangua kibandiko cha katikati, jina la wimbo na la mwimbaji lipotee.

Coxsone alikuwa na moja ya namna hiyo, kazi ya mpiga saksafoni Mmarekani Willis Jackson. Akaifuta jina, akaiita "Coxsone Hop", na watu wakaamini kuwa ni mali yake. Reid aliitafuta hata akaipata, na usiku mmoja akaipiga hadharani Coxsone akiwapo. Prince Buster, aliyekuwa upande wa Coxsone siku hizo, ndiye aliyekuwa akisimulia jinsi tajiri wake alivyopigwa na butwaa.

Huyu Prince Buster tusimpite hivi hivi. Alizaliwa mwaka 1938 kwa jina la Cecil Bustamente Campbell, akajifunza ndondi ujanani, kisha akaanzisha mitambo yake aliyoiita Voice of the People, yaani Sauti ya Watu. Mwaka 1964 alionana na bondia Muhammad Ali, naye akaingia katika Nation of Islam na kuchukua jina la Muhammed Yusef Ali. Najua mafundisho ya kundi hilo wakati ule yalikuwa mbali na haya tuliyosomeshwa sisi chuoni. Hata hivyo, wengi kwetu pwani wanaoipenda rege hawajapata kusikia kwamba mmoja wa waliouweka msingi wa muziki huo alijiita Muislamu. Alifariki mwaka 2016.

Sasa tuje kwenye dabu, maana hapo ndipo majina yalipozidi kupotea. Osbourne Ruddock, aitwaye King Tubby, alikuwa fundi wa umeme mwenye mitambo yake, Home Town Hi-Fi. Mapema katika miaka ya 1970 alianza kuuchukua wimbo uliokwisha rekodiwa, akaiondoa sauti ya mwimbaji, akabakisha ngoma na besi. Kisha alirudisha kipande cha neno hapa, kipande pale, kikirudi kwa mwangwi kama mtu aitaye ndani ya kisima. Ni ufundi wa ajabu, nami siuchoki. Lakini fikiri, msomaji: mwimbaji ametolewa katika wimbo wake mwenyewe. Aliyepiga ngoma hakutajwa. Mara nyingi walikuwa wamelipwa mara moja tu, siku ya kurekodi, yakaisha.

Tubby aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake mwezi wa Februari 1989. Miaka minne baadaye, mwaka 1993, kampuni ya Blood and Fire ilianzishwa mjini Manchester, na mchaguzi wake mkuu akawa Steve Barrow. Yeye ni mwandishi zaidi kuliko mtu wa mitambo, ingawa kampuni hiyo baadaye ilizunguka na mitambo yake. Mkusanyiko wao wa mwaka 1994, Dub Gone Crazy, uliwaweka wazi pamoja na Tubby wale vijana waliofanya kazi chini yake, kama vile Prince Jammy na Scientist.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi ni cha Dennis Bovell. Alizaliwa Barbados mwaka 1953, akapelekwa London akiwa mtoto, na huko akawa na mitambo yake, Jah Sufferer. Mwezi wa Oktoba 1974 polisi waliuvamia ukumbi wa Carib Club, mtaa wa Cricklewood, alikokuwa akipiga. Bovell akashtakiwa, akakaa gerezani miezi sita kabla ya mahakama ya rufani kumwachilia. Alipotoka akakuta tatizo jingine: Weusi wa London wenyewe waliidharau rege iliyotengenezwa Uingereza. Wakitaka ya Jamaika tu! Mwaka 1976 yeye na wenzake wa bendi ya Matumbi wakatoa albamu kwa jina la 4th Street Orchestra, wakijificha nyuma ya vibandiko vyeupe, na wanunuzi wakazipokea kama mali iliyotoka Jamaika. Yaani alilifuta jina lake mwenyewe ili kazi yake isikizwe.

Baadaye jina likajulikana. Mwaka 1979 wimbo wa "Silly Games" alioutengeneza kwa mwimbaji Janet Kay ulifika nambari ya pili Uingereza, na mwaka 2021 alipewa nishani ya MBE na dola ile ile iliyomfunga. Mwaka 2024 ukatoka mkusanyiko wa kazi zake, uitwao Sufferer Sounds, jina likikumbusha ile mitambo yake ya zamani.

Wazee hawa nao wana kasoro zao. Mtu akiulizwa achague, hutanguliza kazi zake na za marafiki zake, na pengine wimbo uliokuwa mzuri wa mpinzani huachwa nje. Albamu hizi pia hazina bei ya maskini. Tena jina kuandikwa si sawa na kulipwa. Ila mtu asiyetajwa hata madai hawezi kuyafungua.

Msomaji akibahatika kuiona mojawapo dukani, kabla ya kuuliza bei na aufungue ule waraka wa ndani. Akikuta yameandikwa majina ya aliyeimba, aliyepiga ngoma, aliyepiga besi, na mwaka na studio, basi na ainunue. Akikuta picha ya mnazi peke yake, na airudishe rafuni.