Mazoea ya kila siku, si chai ya kuyeyusha mafuta, ndiyo hulinda umetaboli wa mwili

Matangazo ya chai, vidonge na unga unaodaiwa kuuongezea mwili kasi ya kuchoma mafuta yamezagaa sokoni, katika vituo vya mabasi na kwenye mitandao ya kijamii. Wanaozinunua bidhaa hizo huamini kuwa unene, uchovu na kupanda kwa sukari vinatokana na mwili mzito unaohitaji kusukumwa. Sayansi inaeleza jambo tofauti, na sehemu ya ushahidi wake imetoka hapa hapa Tanzania.

Umetaboli ni jumla ya kazi zote ambazo mwili hufanya ili kukigeuza chakula kuwa nguvu, kujenga na kukarabati viungo, na kuhifadhi ziada. Kwa watu wengi, sehemu kubwa ya nguvu hiyo hutumika mtu akiwa amepumzika, kwa kuwa moyo, ubongo, ini na figo havina likizo. Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha utafiti uliohusisha zaidi ya watu 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia watoto wachanga hadi wazee wa miaka 95. Ulibaini kuwa, baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili, matumizi ya nguvu hubaki karibu vilevile kuanzia umri wa miaka 20 hadi 60, ndipo huanza kupungua polepole. Kwa hiyo, mtu anayeongezeka uzito akiwa na miaka 40 hana sababu ya kuusingizia umri.

Ushahidi wa pili unawahusu Wahadzabe, jamii inayoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, ambayo baadhi ya watu wake bado wanategemea kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda pori na kurina asali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulipima nguvu wanayotumia kwa siku. Wanaume walitembea wastani wa zaidi ya kilomita 11 na wanawake karibu kilomita 6, lakini jumla ya nguvu waliyotumia, kwa kulinganisha na ukubwa wa miili yao, haikuzidi ile ya wakazi wa Marekani na Ulaya wanaokaa sana. Hata hivyo, shinikizo la juu la damu ni nadra miongoni mwao.

Jambo hilo lina maana kubwa kwa mwananchi wa kawaida. Faida ya mwendo haiko hasa katika kuchoma mafuta kama kuni, bali katika namna mwili unavyoipokea sukari. Baada ya mlo, sukari huingia katika damu na kongosho hutoa homoni ya insulini ili kuiingiza katika seli. Mpokeaji mkubwa wa sukari hiyo ni misuli. Misuli inayofanya kazi huweza kuivuta sukari hata pale insulini inapokuwa kidogo. Misuli iliyolala huikataa taratibu, kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi, na miaka inavyopita hali hiyo huweza kuzaa kisukari cha aina ya pili.

Tatizo hilo si la kubuni. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kuwa asilimia 9.1 walikuwa na kisukari, karibu asilimia 26 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na kiwango kama hicho walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Wengi huishi na kisukari bila kujua, hadi kidonda cha mguuni kinapogoma kupona au macho yanapoanza kufifia.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, pamoja na kazi za kuimarisha misuli angalau siku mbili. Kulima, kuchota maji, kupanda ngazi na kutembea kwa haraka vyote vinahesabika. Utafiti mwingine kwa Wahadzabe, wa mwaka 2020, ulibaini kuwa nao hupumzika karibu saa 10 kwa siku, ila mara nyingi huchuchumaa au kupiga magoti, hivyo misuli ya miguu haizimiki kabisa. Mwenye duka, dereva wa bodaboda na mtumishi wa ofisini, ambao hukaa kutwa, wanafaa kusimama kila baada ya muda na kutembea dakika 10 au 15 baada ya chakula cha mchana, wakati sukari inapopanda.

Kuhusu mlo, ugali hauna kosa. Kinachotazamwa ni wingi wake na kinachouzunguka. Unga wa sembe umekobolewa na kupoteza pumba na kiini, wakati dona, mtama na uwele hubaki na nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari kuingia katika damu. Mboga za majani zikijaa nusu ya sahani, na maharage, kunde au dagaa wakachukua robo, nafaka hupata nafasi yake bila kunyimwa mtu shibe. Soda moja ya mililita 350 huweza kubeba vijiko vya chai 8 au zaidi vya sukari, na chai yenye vijiko vitatu ikinywewa mara nne kwa siku hufika mbali zaidi ya hapo. Matunda yaliwe mazima. Juisi yake hupoteza sehemu kubwa ya nyuzinyuzi.

Usingizi nao husahaulika. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7, kwani usiku mfupi unaojirudia hudhoofisha kazi ya insulini na kuongeza hamu ya kula.

Mzingo wa kiuno unaofikia sentimita 94 kwa mwanamume au 80 kwa mwanamke asiye mjamzito huashiria kuongezeka kwa hatari, na mwenye kipimo hicho anashauriwa kwenda kituo cha afya kupima sukari na shinikizo la damu. Sukari ya milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, ikipimwa kabla ya kula chochote asubuhi, huhitaji uthibitisho wa mtaalamu. Anayetumia tayari dawa za kisukari au shinikizo la damu asiziache wala kupunguza dozi kwa sababu ameanza mazoezi au amebadili mlo. Amweleze mhudumu wa afya, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo zikichanganyika na mazoezi makali au njaa huweza kushusha sukari kupita kiasi.