Kadi ya Zamani, Kadi Mpya na Tokeni za Stima

Kijana anayetaka kufungua kibanda cha gemu Pap Onditi, au anayehariri video za harusi na matanga hapa Nyakach, mara nyingi huanza na kompyuta ya mtumba iliyotolewa katika ofisi za Ulaya. Ni mashine nzuri, ila haina kadi ya grafiki. Anunue kadi kubwa ya zamani iliyotamba enzi zake, au ndogo iliyokuja baadaye? Wauzaji humjibu kwa gigabaiti na kwa mwaka wa kutengenezwa. Mimi ningependa aulize kwanza jambo jingine: kadi hii inafanya kazi kiasi gani kwa kila wati inayokula?

Machi 2010 Nvidia ilitoa GTX 480, kadi yake kubwa ya kizazi kile, yenye transista bilioni 3 hivi na iliyokadiriwa kula wati 250. Februari 2014 kampuni hiyohiyo ikatoa GTX 750 Ti, kadi ya bei nafuu, yenye transista bilioni 1.87 na mahitaji ya wati 60. Kinadharia, kila moja hufikia takriban hesabu trilioni 1.3 kwa sekunde, na katika michezo mingi ya wakati ule zilikaribiana sana. Kazi ni ileile, umeme haufiki hata robo.

Tofauti hiyo ya wati 190, kadi ikifanya kazi nzito saa tano kwa siku, ni karibu yuniti moja ya stima kila siku. Kwa mwezi ni yuniti 28 hivi kwa kompyuta moja. Mwenye kompyuta nne azidishe mwenyewe. Tena, Dell OptiPlex 7010 ya umbo dogo ina pawasaplai ya wati 240 kwa mashine nzima. GTX 480 peke yake inaizidi. GTX 750 Ti nyingi hazihitaji hata waya wa ziada, kwa sababu sloti ya ubao mama hutoa hadi wati 75.

Ilikuwaje transista chache zaidi zikafanya kazi ya nyingi? Mwaka 1974 Robert Dennard na wenzake wa IBM walionyesha kwamba transista ikipunguzwa ukubwa, volti yake nayo inaweza kushushwa kwa kiwango hichohicho, hivyo eneo lilelile la chipu likabeba transista nyingi zaidi bila kuongeza joto. Kanuni hiyo ilibeba maendeleo ya kompyuta kwa takriban miaka 30. Katikati ya miaka ya 2000 ikagota: transista zilikuwa ndogo kiasi kwamba umeme ulivuja hata zikiwa zimezimwa, na volti haikushuka tena kama zamani. GTX 480 ilizaliwa baada ya hapo, ndiyo maana ilisifika kwa joto lake.

Kufikia 2014 transista zilikuwa zimepungua kutoka nanomita 40 hadi 28, na hilo lilisaidia. Lakini sehemu kubwa ya ushindi ilitokana na mpangilio. Kuleta namba moja kutoka kumbukumbu iliyo nje ya chipu hugharimu nishati mamia ya mara zaidi kuliko kuijumlisha namba hiyo na nyingine. Wahandisi wa GTX 750 Ti wakaweka ndani ya chipu kashe, yaani kumbukumbu ndogo ya karibu, ya megabaiti 2, pale GTX 480 ilipokuwa na kilobaiti 768, ili data isifuatwe mbali kila mara. Nyakach tunaishi jirani na fikra hiyohiyo. Maji ya mto Sondu Miriu huzalisha megawati 60 katika kituo cha kwanza, kisha maji yaleyale hupitishwa hadi Sang'oro yakazalisha megawati 21 nyingine. Mto haukuongezwa hata tone. Kashe nayo hufanya hivyo kwa data: ikishaletwa, hutumika tena na tena kabla ya kuachwa.

Hata hivyo upya peke yake si dhamana, na hapa ndipo wengi hupotezea pesa. GT 1030 ilitoka 2017 ikiwa na kumbukumbu ya GDDR5 inayosafirisha gigabaiti 48 kwa sekunde. Mwaka uliofuata likaja toleo lenye jina lilelile, lakini kwa DDR4 inayofikisha gigabaiti 16.8 tu, na katika michezo mingi kasi yake ni kama nusu. Ni mpya zaidi, na ni mbovu zaidi. Kwa mhariri wa video kuna jingine: GT 1030 haina kabisa kile kisehemu maalumu cha kusimba video, ambacho GTX 750 Ti ya 2014 inacho. Video ya matanga ya saa tatu italazimika kusimbwa na prosesa, na mteja atangoja.

GTX 750 Ti nayo imezeeka, na Nvidia imeshaondoa kizazi chake kwenye orodha ya kadi zinazopata maboresho ya kawaida ya draiva. Kwa wati 75 zilezile za sloti, GTX 1650 ya Aprili 2019 hufikia karibu hesabu trilioni 3 kwa sekunde, nayo ipo pia katika umbo fupi linaloingia kwenye kompyuta ndogo. Kwa mashine nyingi za mtumba, hiyo ndiyo ningeitafuta kwanza. Zile kubwa za leo, kama RTX 5090 ya 2025 na wati zake 575, hazihusiani na mashine hizi hata kidogo.

Kabla ya kulipa, omba kadi iwashwe. Fungua programu ya bure iitwayo GPU-Z usome aina ya kumbukumbu na uhakikishe kadi ni halisi, maana kuna kadi za kizazi cha GTX 480 zilizobadilishwa programu ya ndani zikajitambulisha kama GTX 1050 Ti. Tangu 2018 GPU-Z huzitambua nyingi kati ya hizo. Kisha weka mchezo mmoja, mipangilio ileile kwa kila kadi unayolinganisha, uuache dakika 20. Usitazame wastani wa fremu kwa sekunde peke yake: wastani wa 60 haufai kitu ikiwa fremu hushuka hadi 15 kila vita vinapopamba moto. Na upime mchana. Joto la tambarare hii likichanganyika na vumbi kwenye feni, kadi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na kasi uliyoonyeshwa asubuhi dukani hutaipata saa nane kibandani kwako.