Je, Asiye na Dini Aweza Kuwa Mwema?

Februari 2016 chama cha wasioamini Mungu kiliandikishwa hapa Kenya. Mwezi wa Aprili kikasimamishwa. Wengi waliuliza: pasipo dini, wema utatoka wapi? Lakini mwaka 2023, huko Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400; wengi wao walikufa kwa njaa, wakifunga ili wamwone Yesu. Dini ilikuwapo, wema haukuwapo.

Paulo, katika Warumi 2, asema hata wasio na torati waweza kuitenda, maana imeandikwa mioyoni mwao. Basi jirani asiyesali akikurudishia chenji iliyozidi, usimdharau. Mshukuru Mungu aliyeiandika. Nasi waendao kanisani tusijisifu. Kanisa si cheti cha wema, bali mahali pa wenye dhambi kutubu. Amina.