Final Fantasy: Mchezo wa zamu ulioamua hatima ya mtunzi wake

MICHEZO mingi ya video hutegemea wepesi wa vidole, na mara nyingi anayebonyeza kwanza ndiye anayeshinda. Lakini upo mchezo mmoja mkongwe unaompa mchezaji muda wa kufikiri apendavyo, kisha unamwadhibu vikali akifikiri vibaya.

Mchezo huo ni Final Fantasy, uliotolewa nchini Japani mnamo Desemba 18, 1987 na kampuni ya Square. Ulitengenezewa mashine ya Nintendo iliyojulikana huko kama Famicom.

Mtunzi wake, Hironobu Sakaguchi, aliacha masomo ya chuo kikuu ili kuingia katika kazi hiyo. Michezo yake ya awali haikumpatia ufanisi aliotarajia, nayo kampuni ilikuwa ikiyumba kifedha. Sakaguchi aliazimia kwamba mradi huu ukigonga mwamba, angeipa kisogo fani hiyo na kurejea chuoni.

Kutokana na hali hiyo, ilienea simulizi kwamba neno 'Final', yaani ya mwisho, lilikuwa kwaheri yake. Hata hivyo, mwaka wa 2015 Sakaguchi alifafanua kwamba kilichohitajika hasa ni jina la kufupishwa kwa herufi FF. Jina lililofikiriwa kwanza, Fighting Fantasy, liliachwa kwa sababu lilikuwa tayari likitumiwa na wengine.

Programu iliandikwa na Nasir Gebelli, mzaliwa wa Iran aliyejipatia sifa nchini Marekani. Muziki ulitungwa na Nobuo Uematsu, na michoro ikabuniwa na Yoshitaka Amano.

Kisa chenyewe kinahusu mashujaa wanne wanaofika katika ufalme wa Cornelia, kila mmoja akiwa na jiwe la kioo lililopoteza nuru. Ardhi inaoza, bahari imechafuka na upepo umekoma. Ni lazima wayaangamize mazimwi manne yanayonyonya nguvu za ardhi, moto, maji na upepo.

Kabla ya safari, mchezaji huchagua mashujaa wake kutoka aina sita. Miongoni mwao ni mpiganaji wa upanga, mwizi, mganga mweupe anayeponya majeraha na mchawi mweusi anayerusha moto na radi. Anayechagua wapiganaji watupu atakosa tiba, naye anayechagua wachawi watupu atakosa ngao.

Vita huendeshwa kwa zamu, kama ilivyo katika bao au drafti. Mchezaji humpa kila shujaa amri: apige, atumie uganga, anywe dawa au akimbie. Baada ya amri zote nne kutolewa, ndipo pande zote mbili hupambana, na mpangilio wa nani atatangulia hauko mikononi mwa mchezaji.

Katika toleo la kwanza, mashujaa wawili wakiamriwa kumpiga adui mmoja, na wa kwanza akamuua, pigo la wa pili lilipotea hewani. Kwa hivyo, mchezaji alilazimika kukadiria nguvu za kila pigo kabla ya kutoa amri. Matoleo ya baadaye yaliondoa adhabu hiyo.

Uganga nao hutumika kwa idadi maalumu, mtindo uliorithiwa kutoka Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliozinduliwa Marekani mwaka wa 1974. Isitoshe, katika toleo hilo la kwanza mchezaji hakuweza kuhifadhi safari yake akiwa ndani ya mapango. Aliyeangamia humo alipoteza yote aliyochuma tangu alipohifadhi mara ya mwisho. Swali lililomsumbua kila mara lilikuwa: aendelee mbele, au arudi mjini angali hai?

Square ilikuwa imepanga kutoa nakala 200,000 pekee. Sakaguchi aliwasihi wakuu wake watoe 400,000, akihoji kwamba bila idadi hiyo isingewezekana kutengeneza mchezo wa pili. Walikubali, na mauzo nchini Japani yakapita nakala 500,000. Mwaka wa 1990 mchezo huo uliingia katika soko la Amerika Kaskazini.

Mnamo Aprili 2003, Square iliungana na Enix, kampuni iliyokuwa mshindani wake mkuu kupitia mchezo wa Dragon Quest wa mwaka wa 1986.

Toleo la 16 la Final Fantasy, lililotoka mwaka wa 2023, limeacha kabisa mtindo wa zamu na kufuata mapigano ya papo kwa papo. Lakini ule wa kwanza haujazikwa. Mwaka wa 2021 ulitolewa upya kwa kompyuta na simu za mkononi, na vita vyake vingali vya zamu: adui hainui mkono mpaka mchezaji amalize kutoa amri.

Kwa aliyezoea kuharakishwa na kila chombo alicho nacho mkononi, huenda huo ndio utamu wake. Mvumilivu hula mbivu.