Fahamu: Pikipiki ya umeme na kobalti ya Kolwezi
Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, nyingi ikitoka mkoa wa Lualaba, na sehemu kubwa huishia kwenye betri za magari ya umeme. Huko Kolwezi, mji wa mkoa huo, mchimbaji mdogo hutoa magunia yake machimboni kwa baiskeli au pikipiki, yamefungwa kwa mipira nyuma ya kiti.

Chombo kinachomfaa kipo nchi jirani ya Rwanda, jijini Kigali. Kampuni ya Ampersand huuza pikipiki ya umeme bila kuuza betri yake. Dereva hubadilisha betri kituoni kwa dakika chache, akilipia umeme aliotumia. Hivyo bei ya kununua pikipiki hushuka.

Kinachochekesha: betri za chuma na fosfati, zilizo nafuu, hazina kobalti hata chembe. Lakini madini mengine, shaba, hayakwepeki: yamo kwenye mota na ndani ya betri yenyewe.